Belarmino Tomás wa Asturias: kiongozi wa wachimba makaa alikuwa na haki ya kujitangazia mamlaka kamili?

Nyota ya Alfajiri ameuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa historia, salaam.

Ninasoma habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na katika majina yote ya majenerali na mawaziri, lililonikaa moyoni ni la mtu ambaye vitabu vingi humtaja kwa aya moja tu. Belarmino Tomás alizaliwa Gijón mwaka 1892, akaingia kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Asturias angali kijana, akapanda ngazi ndani ya chama cha wachimbaji, na hatimaye akawa mkuu wa serikali iliyoendesha mkoa mzima kwa zaidi ya mwaka mmoja huku vita vikiwaka.

Jambo linalonisumbua ni uamuzi wa tarehe 24 Agosti 1937. Siku hiyo Baraza la Asturias na León, ambalo yeye alikuwa rais wake, lilijitangaza kuwa Baraza lenye mamlaka kamili, likachukua madaraka yote ya kijeshi na ya kiraia katika eneo lake bila kusubiri kibali cha serikali ya Jamhuri iliyokuwa Valencia. Wengine husema huo ulikuwa usaliti wa Jamhuri wakati ilipohitaji umoja kuliko wakati wowote. Wengine husema hakuwa na njia nyingine. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaomfahamu vizuri: je, mtu aliyelelewa na chama cha wafanyakazi, ambamo nidhamu na uamuzi wa pamoja ndio msingi, aliwezaje kufika mahali pa kukaidi serikali aliyoapa kuitetea? Na je, maisha yake ya mgodini yanatusaidia kuuelewa uamuzi huo, au tunajaribu tu kumpamba?

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ndugu Nyota, ahsante kwa swali zuri. Naamini maisha yake ya mgodini na ya chama hayapambi chochote. Bila hayo uamuzi wa Agosti 1937 hauwezi kueleweka hata kidogo. Niruhusu nirudi nyuma.

Chama alichokulia ndani yake kiliitwa kwa kifupi SOMA, yaani Chama cha Wafanyakazi wa Migodi wa Asturias, kilichoanzishwa mwaka 1910 na Manuel Llaneza. Llaneza mwenyewe alikuwa mchimbaji aliyelazimika kuondoka baada ya mgomo mkubwa wa Mieres wa mwaka 1906 kushindwa, akafanya kazi katika migodi ya kaskazini mwa Ufaransa, na huko akaona vyama vyenye mfuko wa fedha, ofisi, kumbukumbu zilizoandikwa, na viongozi wanaojua kukaa mezani na mwajiri. Aliporudi alijenga chama cha namna hiyo. Mgomo, kwake, ulikuwa silaha ya kutumiwa kwa hesabu: mtu hauitishi kwa hasira, wala hauendelezi baada ya kujua kwamba umeshindwa, kwa sababu wanaolala njaa ni watoto wa wanachama. Llaneza alikuwa pia meya wa Mieres, hivyo vijana wa chama waliona mapema kwamba kiti cha uongozi wa chama na kiti cha utawala wa eneo havikuwa mbali.

Belarmino ni zao la shule hiyo, nayo ilipitia nyakati ngumu. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza makaa ya Asturias yalipata bei nzuri kwa sababu makaa ya Uingereza yalikuwa hayafiki, migodi ikaajiri watu wengi na chama kikanenepa. Vita vilipokwisha, makaa ya Uingereza yalirudi sokoni yakiwa bora na ya bei ya chini, na wenye migodi wakataka kupunguza ujira na kurefusha saa za kazi. Kuanzia hapo kazi ya kiongozi wa chama ilikuwa kulinda kilichokwisha kupatikana katika tasnia inayodidimia. Chama kilifika mahali pa kuendesha mgodi wake chenyewe, ule wa San Vicente, kuanzia mwaka 1926. Ninautaja mgodi huo kwa makusudi, kwa sababu watu husahau kwamba viongozi hawa hawakujua kupinga tu. Walipaswa kulipa mishahara, kununua mbao za kuegemeza mapaa ya mgodi, kutafuta wateja wa makaa, na kuwajibika ajali ilipotokea. Waliojifunza mambo hayo ndio waliopewa mkoa mwaka 1936.

Sasa tuje kwenye Oktoba 1934, kwa sababu hapo ndipo tabia yake ilipoonekana wazi. Chama cha mrengo wa kulia, CEDA, kilipoingizwa serikalini mwanzoni mwa mwezi huo, mgomo wa kisiasa uliitishwa nchi nzima. Kwingineko ulizimwa haraka, lakini Asturias wasoshalisti, waanakisti na wakomunisti walikuwa wameungana, na wachimbaji wakainuka usiku wa kuamkia tarehe 5. Walivamia vituo vya Guardia Civil, yaani polisi wenye muundo wa kijeshi, mabondeni kwa baruti waliyoizoea kazini, wakaingia Oviedo, wakateka viwanda vya silaha. Tatizo ni kwamba walipata bunduki nyingi na risasi chache mno. Serikali ilileta jeshi kutoka pande zote, likiwamo Lejioni, yaani kikosi cha kujitolea cha jeshi la Hispania huko Afrika, na askari wa Kimoroko, na Jenerali Francisco Franco akiratibu mambo kutoka Madrid.

Kamati ya kwanza ya mapinduzi ilipoona hali imegeuka ilivunjika, ya pili ikadumu muda mfupi sana, na ya tatu ikaundwa Sama de Langreo chini ya Belarmino Tomás. Kazi iliyomwangukia haikuwa ya sifa. Alikuwa amekabidhiwa vita vilivyokwisha kushindwa, na jukumu lake lilikuwa kuvimaliza kwa gharama ndogo kadiri iwezekanavyo. Tarehe 18 Oktoba alikutana na Jenerali Eduardo López Ochoa na kujadiliana naye. Jenerali alitaka silaha, wafungwa na viongozi. Belarmino aling'ang'ania sharti moja hasa, kwamba askari wa Kimoroko na wa Lejioni wasitangulie mbele jeshi litakapoingia katika mabonde ya wachimbaji, kwa sababu habari za mauaji yaliyofanyika pembezoni mwa Oviedo zilikuwa zimewafikia. Kisha akarudi Sama, akasimama mbele ya umati wa watu wenye silaha, ambao wengi wao walitaka kuendelea kupigana, akawaeleza kwamba risasi hazipo, kwamba mikoa mingine haikuinuka, na kwamba lazima wasalimu amri.

Fikirini ujasiri unaohitajika hapo. Ni rahisi kuwaambia watu wasonge mbele. Kuwaambia watu wenye bunduki mikononi, ambao wamezika wenzao wiki hiyo hiyo, kwamba imetosha, na ukatoka pale ukiwa bado kiongozi wao, hilo hulifanyi kama watu hawakukuamini kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo. Uaminifu huo ulitoka kwenye chama.

Kwa hiyo, Ndugu Nyota, mtu wa mwaka 1937 ni yule yule wa mwaka 1934. Nitaacha wengine wazungumzie Baraza lenyewe.

Binti wa Hadithi amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimefurahia maelezo yako, ila sikubaliani nawe kwamba mtu wa 1937 ni yule yule wa 1934, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1934 Belarmino alikuwa kiongozi wa watu walioasi serikali. Mwaka 1937 alikuwa ni serikali yenyewe. Baada ya ushindi wa Muungano wa Umma, yaani vyama vya mrengo wa kushoto, katika uchaguzi wa Februari 1936 aliingia Bungeni kama mbunge wa Oviedo, na wafungwa wa Oktoba wakaachiwa kwa msamaha. Vita vilipoanza Julai kwa uasi wa majenerali dhidi ya Jamhuri, Franco akiwa mmoja wao, Kanali Antonio Aranda, aliyekuwa akiongoza jeshi Oviedo, aliwahadaa viongozi wa wafanyakazi kwamba yuko upande wa Jamhuri. Wachimbaji wengi wakaondoka kwenda kuitetea Madrid, naye akageuka na kuutwaa mji. Tangu hapo Asturias ilikuwa na makao mawili ya mamlaka: kamati ya wasoshalisti mabondeni, na kamati ya vita ya Gijón ambamo waanakisti walikuwa na nguvu. Belarmino aliteuliwa gavana na serikali ya Jamhuri mwezi Septemba 1936, na mwisho wa mwaka huo likaundwa Baraza la Asturias na León ambalo lilikusanya wasoshalisti, waanakisti, wakomunisti na warepublikani chini ya urais wake. Mamlaka yake, basi, yalitoka kwa serikali kuu. Hilo ndilo linaloufanya uamuzi wa Agosti 1937 uwe mzito.

Simnyimi sifa zake. Kuwaweka waanakisti na wakomunisti katika meza moja kwa mwaka mzima, wakati mwezi Mei 1937 makundi hayo yalikuwa yakipigana risasi katika mitaa ya Barcelona, ni kazi ambayo wanasiasa wenye elimu kubwa kuliko yake hawakuiweza. Baraza liliendesha migodi, likagawa chakula, na kwa kuwa fedha kutoka serikali kuu hazikufika, likatoa noti zake lenyewe ambazo watu walizipa jina la utani la "belarminos". Mtu ambaye jina lake linaitwa kila mara mtu anaponunua mkate amekwisha kuwa mtawala wa kweli, apende asipende.

Hata hivyo, tazama tarehe. Baraza lilijitangazia mamlaka kamili tarehe 24 Agosti. Santander, jirani wa Asturias upande wa mashariki, ilianguka tarehe 26. Yaani jambo hilo lilifanyika wakati mlango wa mwisho ulikuwa unafungwa, jeshi la kaskazini likiwa limevurugika, na Jamhuri ikijaribu kuuonyesha ulimwengu kwamba ina serikali moja na jeshi moja. Baraza lilimwondoa Jenerali Gamir Ulibarri kwenye uongozi wa jeshi na kumweka Kanali Adolfo Prada. Wakomunisti waliokuwa ndani ya Baraza hawakuliafiki tangazo hilo, Valencia ilikasirika, na Rais Manuel Azaña aliliona kuwa jambo la fedheha. Ikiwa kila mkoa ungefanya hivyo pindi simu inapokatika, Jamhuri ingekuwa imesambaratika kabla ya Franco kuifikia.

Mwalimu ametueleza kwamba chama kilimfundisha kujua wakati wa kuacha. Mbona basi mwaka 1937 hakuacha? Baraza lilitaka kupigana hadi mwisho, na mwisho wenyewe ulikuja haraka. Shambulio kubwa lilianza Septemba mosi. Katika milima ya El Mazuco wanamgambo walizuia jeshi kubwa mno kwa majuma kadhaa wakiwa chini ya mabomu ya ndege za Kijerumani. Na tarehe 21 Oktoba Gijón ikaanguka. Belarmino na wenzake walikuwa wameondoka baharini siku moja kabla. Maelfu walibaki bandarini, na tunajua yaliyowapata.

Mjukuu wa Baharia amejibu:

Ningependa kuongeza jambo kuhusu lile sharti la mwaka 1934 alilolitaja Mwalimu, kwa sababu likipita hivi hivi linaacha picha isiyo kamili, na sisi wasomaji wa Kiafrika tuna wajibu wa kuliangalia kwa makini zaidi.

Askari wa Kimoroko hawakujikuta Asturias kwa bahati mbaya. Walitoka katika eneo la Moroko lililokuwa chini ya himaya ya Hispania, ambalo lilikuwa limetiishwa kwa vita vikali vya Rif vilivyokwisha mwaka 1927 tu. Wengi waliandikishwa jeshini kwa sababu ya umaskini, kutoka katika vijiji vilivyoharibiwa na jeshi hilo hilo, chini ya maofisa wa Kihispania waliojifunza ukatili wao Afrika na kisha wakaupeleka kwao. Mauaji na uporaji vilifanyika kweli, na hofu ya wachimbaji ilikuwa na sababu. Lakini Lejioni, ambayo askari wake wengi walikuwa Wahispania, ilifanya hayo hayo, na amri zilitolewa na maofisa kama Juan Yagüe. Baada ya kusalimu amri, mateso ya magerezani yalisimamiwa na Meja Lisardo Doval wa Guardia Civil, ambaye hakuwa na Mmoroko yeyote wa kumsingizia.

Ninampa Belarmino haki yake: alidai vikosi vyote viwili visitangulie, naye alikuwa akitetea maisha ya familia. Ila Jamhuri aliyoitumikia baadaye haikuwahi kuwaahidi Wamoroko uhuru, hata pale ahadi hiyo ingeweza kumpunguzia Franco askari wake bora. Viongozi wa wafanyakazi wa Hispania waliuona mgodi waziwazi na koloni hawakuliona. Hilo ni pengo katika siasa zao zote, si zake peke yake, na naamini liligharimu damu yao wenyewe.

Nyota ya Alfajiri amejibu:

Mjukuu wa Baharia, ahsante sana. Hilo sikuwa nimeliunganisha na vita vya Rif, na linabadilisha namna ninavyoisoma Oktoba nzima.

Dada Binti wa Hadithi, hoja yako ya tarehe ina nguvu. Lakini niulize: Valencia ingeweza kufanya nini? Kati yake na Asturias kulikuwa na eneo lote la Franco, na baharini kulikuwa na manowari zake. Amri ikichelewa siku mbili katika hali hiyo si amri tena. Na kuhusu kuondoka kwa meli, je, tunajua kilichofanywa kwa ajili ya raia kabla ya siku ya mwisho?

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Binti yangu, marahaba. Hoja yako ni nzito na nitaijibu mahali pale pale ulipoisimamisha, yaani kwenye swali la kwa nini hakuacha.

Mwaka 1934 kulikuwa na mtu wa kujadiliana naye. López Ochoa alikuwa jenerali wa Jamhuri, mtu aliyetaka kumaliza mambo bila mauaji zaidi ya yaliyokwisha kutokea, na neno lake lilikuwa na thamani fulani hata kama halikuheshimiwa na wote waliokuja nyuma yake. Mwaka 1937 upande wa pili haukuwa na meza. Franco alitaka wapinzani wake wajisalimishe bila masharti, na habari za mauaji ya Badajoz na Málaga zilikuwa zimekwisha kuwaeleza watu wa Asturias maana ya hilo. Mjadilianaji mzoefu hujua kwamba pasipo na mwenza wa kujadiliana, kilichobaki ni kununua muda. Kila siku ambayo El Mazuco ilishikiliwa ilikuwa siku ya kupakia watu melini.

Hapo ndipo lilipo jibu la Ndugu Nyota. Mwezi Septemba 1937, wakati milima ingali inapiganiwa, watoto wapatao 1,100 waliondolewa katika bandari ya Gijón na kupelekwa Umoja wa Kisovyeti. Meli zilizobeba wakimbizi kwenda Ufaransa ziliendelea kuondoka hadi siku za mwisho, chini ya mabomu, wakati bandari yenyewe ikiungua na manowari ya Jamhuri iitwayo Císcar ikizamishwa humo humo. Kuamua nani apande, makaa gani yachomwe, kikosi gani kirudi nyuma na kipi kibaki, hayo hayakuweza kuamuliwa Valencia. Ninalisoma tangazo la Agosti kwa namna hiyo. Hawakutangaza nchi mpya wala hawakuikana Jamhuri. Bendera ilibaki ile ile. Walisema tu kwamba wao waliopo ndio watakaobeba lawama ya kila amri, na hapo namwona kiongozi wa chama asiyekubali kusema "makao makuu hayajanijibu" wakati mgodi umeporomoka.

Ninakubaliana nawe kuhusu jina walilolichagua. Neno la "mamlaka kamili" halikuwa la lazima. Wangeweza kufanya yote hayo kama kamati ya ulinzi, na wakomunisti waliolipinga walikuwa na hoja. Liliwapa maadui wake kitu cha kumshika nacho hadi leo. Na kuhusu waliobaki bandarini sina la kumtetea. Meli zilikuwa chache, lakini viongozi walipata nafasi na wengi wa waliowafuata hawakupata.

Binti wa Hadithi amejibu:

Mwalimu, hapo umenisogeza, ingawa si kufika kote. Hoja ya kwamba hapakuwa na meza mwaka 1937 sikuwa na jibu lake, nami nitaacha neno "usaliti". Bado nasema kwamba lilikuwa kosa la kisiasa, na kwamba aliyelipa si yeye.

Kwa Ndugu Nyota, nimalizie maisha yake, kwa kuwa uliuliza habari za mtu mzima. Baada ya Gijón hakukimbilia usalama moja kwa moja. Alirudi upande wa Jamhuri na kupewa kazi ya ukomisaa wa jeshi la anga, jambo linaloonyesha kwamba hata waliokasirishwa naye hawakumhesabu kuwa msaliti. Vita vilipokwisha alikwenda Meksiko, ambayo chini ya Rais Lázaro Cárdenas iliwapokea maelfu ya Wahispania, na huko akafariki mwaka 1950, Franco akiwa bado madarakani.

Siasa ya mkoa, hata hivyo, haikuishia kwake. Binti yake, Purificación Tomás, alikuwa msoshalisti kama baba yake, na aliolewa na Rafael Fernández, kijana aliyekuwa mjumbe wa lile lile Baraza la Asturias na León. Waliishi Meksiko miaka mingi, kisha wakarejea. Hispania ilipoanza kurudisha madaraka kwa mikoa baada ya kifo cha Franco, mtu aliyekuwa rais wa kwanza wa Baraza la Mkoa la Asturias, kuanzia mwaka 1978 hadi 1982, alikuwa ni huyo Rafael Fernández. Safari hii mamlaka yalitoka katika sheria, na katiba ya mkoa ikapitishwa mwishoni mwa mwaka 1981. Ukitaka kulinganisha mamlaka yaliyojitangaza na mamlaka yaliyokabidhiwa, ukoo huo mmoja unakupa yote mawili, na ningeanzia kwa Fernández kama ningekuwa wewe.